Corona iliisha, mishipa ikabaki: siku ya ntheo nilipoambiwa nitoe mkono mfukoni

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mnaosoma huku simu mmeificha chini ya meza.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Kila nikifika katikati aibu inanishika, nazima simu. Leo nitaumaliza. Sitaongeza chumvi, yaliyonipata yalikuja na chumvi yake ya kutosha. Nimebadilisha majina tu, maana Ukambani tunajuana.

Niiteni Kioko. Mimi ni wa Sultan Hamud, Makueni. Nilisomea takwimu, kazi ya takwimu bado naitafuta, kwa hivyo namsaidia mama kwenye duka letu la hardware. Tunauza simiti, mabati, misumari, paipu. Baba aliaga dunia nikiwa mdogo, hata sauti yake siikumbuki vizuri.

Kitu cha kwanza mjue kunihusu ni kwamba nafikiria kupita kiasi. Ukiniambia "tutaongea baadaye", mimi sili tena siku hiyo.

Chuoni niliwahi kukimbizwa kliniki nimeshika kifua, nikiwaomba wenzangu waniagie mama. Ilikuwa gesi. Nilikuwa nimekula maharagwe. Nikapewa dawa ya kutafuna, na tangu hapo jina langu likawa Marehemu mpaka siku ya graduation. Hata lecturer mmoja alilitumia.

Hilo jina mlikumbuke, lina kazi huko mbele.

Sasa, mwaka jana nikaugua Corona.

Ndiyo, Corona. Wakati watu walishaisahau, maski zimekuwa za kufutia meza. Mjomba Kilonzo, kaka ya mama, alicheka mpaka yeye ndiye akaanza kukohoa.

"Kioko, wewe hata ugonjwa unachukua wa mitumba?"

Nilikaa kitandani siku nyingi. Homa, mwili kuuma, chai haina ladha. Kuamka ilikuwa ni kwenda chooni tu. Baadaye homa ikaisha, kikohozi kikaisha, nikarudi dukani nikaanza kubeba simiti kama kawaida. Nikasema hiyo imepita.

Kumbe haikuwa imepita.

Wiki kadhaa baadaye shavu la mguu wa kushoto likaanza kuuma, kama mtu aliyekazwa na msuli. Nikasema ni kubeba mabati. Halafu mguu ukavimba. Soksi ya kushoto ilikuwa inaacha alama, ya kulia haiachi. Ukigusa, mguu ni wa moto.

Nikaenda Google. Jibu la kwanza kabisa: damu kuganda kwenye mshipa, na huweza kutokea baada ya maambukizi ya virusi.

Wakuu, unajua nilifanya nini? Nilifunga simu. Nilisikia darasa zima likiita Marehemu. Nikajiambia, Kioko, kwa mara moja maishani mwako usifikirie sana.

Maisha yangu yote nimeogopa vitu ambavyo havikuwepo. Kilipokuja chenyewe, ndipo nikaamua kuwa mwanaume.

Jioni moja mama aliniona nikichechemea. Akaniambia nikae, akaleta mafuta ya kuchua, akaanza kunikanda. Alipobonyeza ile nyama ya nyuma nilipiga kelele. Mama aliondoa mikono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Aliutazama ule mguu, akaondoka chumbani. Nilidhani nimemkasirisha.

Kesho yake nikapanda ngazi ya duka kushusha koili ya waya. Nikiwa juu pumzi ikaisha. Si kuchoka kule kwa kawaida. Ni kama hewa ilikuwepo lakini haishuki. Nikakaa chini sakafuni kati ya ndoo za rangi.

Mama alifunga duka mchana. Wanaomjua mama wanajua hilo linamaanisha nini. Hata kukiwa na mazishi ya jirani yeye hufungua asubuhi kwanza. Alitafuta gari, tukaenda hospitali.

Nilipigwa ultrasound ya mguu na picha ya kifua. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu, na kipande kidogo kilikuwa kimesafiri mpaka kwenye pafu.

Daktari alinieleza kwa upole. Kwamba watu hudhani hiki kirusi ni cha mapafu peke yake, lakini kinaweza kuchokoza ngozi laini iliyo ndani ya mishipa ya damu. Mwili ukiwa vitani, damu nayo inakuwa rahisi kuganda. Ongeza kulala kitandani siku nyingi bila kutembea. Mtu anapona kikohozi, anajiona mzima, lakini mishipa bado inajitengeneza. Si kila mtu hupata hivyo. Wengine ndio sisi.

"Fikiria paipu," akasema. "Ikiwa laini ndani, maji yanapita. Ikikwaruzwa, uchafu unashika."

Mimi nauza paipu. Nilielewa mara moja na nikaogopa mara mbili.

Nikalazwa, nikadungwa sindano za tumboni, halafu nikapewa vidonge vya warfarin, vya kuzuia damu isigande. Ningevimeza kwa miezi kadhaa na kurudi kliniki kupimwa damu, waone inachukua muda gani kuganda. Nijihadhari na kujikata. Nisimeze dawa za maumivu ovyo. Nisikae kwenye gari muda mrefu bila kushuka. Na kuhusu mboga za majani, nisibadilishe ghafla ninavyokula.

Mimi nikasikia "mboga" na "dawa" kwenye sentensi moja, akili ikakimbia. Nyumbani nikasoma usiku na mchana. Nikaona mboga za majani zina vitamini K, na vitamini K inapingana na dawa. Nikafunga kesi. Kuanzia siku hiyo mboga ikawa adui yangu.

Na mvua ilikuwa imenyesha! Kila nyumba ilikuwa inakula majani ya kunde. Mama anapika kunde, anaweka mbele yangu, mimi nasukuma bakuli kama limetemewa mate. Mama anasema, "Hiyo ni mboga, Kioko, si sumu." Mimi namwambia hajasoma nilichosoma.

Halafu kuna ile soksi niliyopewa hospitali. Soksi ndefu ya kubana, inafika gotini, rangi ya ngozi. Siku moja napakia mabati suruali ikapanda, kijana wa bodaboda akaona.

"Kioko, hiyo ni stockings ama ni macho yangu?"

"Ni soksi ya mpira."

"Ya netiboli?"

Stage nzima ya bodaboda iliangua kicheko. Nilicheka pia, halafu nikaingia nyuma ya duka nikakaa juu ya mifuko ya simiti mpaka uso ulipopoa.

Sasa tufike kwa Mwende.

Mwende ni mwalimu, tulijuana chuoni. Kwao ni Zombe, Kitui. Yeye nilimwambia kila kitu tangu nikiwa wodini. Aliweka alarm ya dawa zangu kwenye simu yake yeye, inalia anapiga, "Umemeza?" Siku moja ililia katikati ya mkutano wa wazazi akaipokea kama amepigiwa na mtu.

Tarehe ya ntheo ilikuwa imeshapangwa kabla sijaugua. Kwa wasio Wakamba, ntheo ni siku upande wa kijana unapeleka mbuzi kwa kina msichana. Wazee wa pande mbili wakila ile nyama pamoja, huyo ni mke wako. Harusi ya kanisani inaweza kuja baadaye au isije. Ntheo ndiyo inafunga.

Mwende aliniambia, "Mwambie baba yangu kabla ya ntheo. Mpigie. Ukiogopa nitakaa na wewe kwenye laini."

Nikasema nitapiga. Kila nikichukua simu naanza hesabu. Wakisikia nina shida ya damu, watauliza, ni damu yake tu ama ya kwao? Kisha watauliza, baba yake alikufa na nini? Na hapo sikuwa na jibu. Nilichoambiwa nikikua ni kwamba baba alianguka shambani, basi. Hakuna aliyempima. Mtu akiweka hayo mawili pamoja, baba alianguka, kijana damu inaganda, nani atatoa binti yake?

Nikamuuliza mama. Mama alikuwa anapima misumari. Bila kuniangalia akasema, "Tumalize ntheo kwanza. Tutawaambia polepole."

Nilitaka sana kusikia hivyo, kwa hivyo sikuuliza kwa nini misumari ilikuwa inamwagika nje ya mizani.

Wiki ya ntheo ndiyo ilikuwa na siku yangu ya kupimwa damu. Lakini siku hiyo hiyo ndiyo tulikuwa tunaenda kuchagua mbuzi. Nikasema nitapima nikirudi.

Tukaondoka asubuhi, gari la wazee, gari la akina mama, na pickup ya mbuzi. Tulishuka na barabara ya Mombasa mpaka Kibwezi, ndipo tukakata kuelekea Kitui. Mimi na maagizo yangu ya kutokaa sana, nikawa naomba tusimame. Emali nikashuka. Kiboko nikashuka, nikajifanya nanunua machungwa, nikazunguka gari kama askari wa lindo. Kibwezi nikashuka tena.

Mjomba Kilonzo akachungulia dirishani. "Bwana arusi, hata mbuzi wenyewe hawajaomba kukojoa!"

Wazee wakacheka. Ningesema hapo, kwa watu wa damu yangu, wangejua. Nikasema ni chai ya asubuhi.

Zombe tulipokelewa vizuri sana. Akina mama walituimbia getini, tukapewa uji, mbuzi wakakaguliwa na kusifiwa. Baba yake Mwende, Mzee Munyoki, alikuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu. Mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha mwisho, na anakutazama kama anasubiri umalize kudanganya.

Kila nyumba ina yake kwenye ntheo. Kwa kina Mwende, nyama ikiiva, kijana mwenyewe ndiye anakata mkono wa mbuzi na kumpelekea baba mkwe. Mwende alikuwa ameniambia mapema, kwa hivyo nilijiandaa. Nilibeba glavu ya ngozi kutoka dukani, ile ya kushikia waya wa miba. Nilikuwa nimefanya mazoezi nyumbani na kisu na kabichi ambayo nilikataa kuila.

Nikapewa kisu mahali pa moto, wanaume wamesimama duara. Nikatoa glavu nikavaa.

Muthui, kaka mdogo wa Mwende, akapiga kelele, "Muthoni! Unakata nyama ama unatengeneza waya za stima?"

Muthoni ndilo neno letu la mkwe. Walicheka wote. Mzee mmoja wa upande wao akaongeza, "Ama watu wa Makueni siku hizi wanaogopa mafuta?"

Wakuu, nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Natumia dawa, sitakiwi kujikata. Sentensi fupi. Nilikuwa nayo mdomoni, niliionja.

Nikavua glavu.

Kisu kilikuwa kikali, kimenolewa kwa sherehe. Kilifika kwenye kiungo, kikateleza kwenye mfupa, kikaingia chini ya kidole gumba cha kushoto. Si kidonda kikubwa. Mtu mwingine angenyonya, angetema, angeendelea. Nilizungusha leso ya mkononi haraka, nikasukuma mkono kwenye mfuko wa koti. Hakuna aliyeona.

Nikampelekea Mzee nyama kwa mkono mmoja. Aliutazama ule mkono mmoja kwa muda, kisha akapokea.

Hotuba zikaanza. Mjomba Kilonzo akasimama kusema sisi ni nani na tumetoka wapi. Nikasimamishwa karibu yake nionekane. Mimi nasikia mfuko unakuwa wa moto. Unakuwa mzito. Nabana ngumi ndani, natabasamu. Najiambia itaacha, sasa hivi itaacha. Nikaanza kuhesabu. Kioo cha gari moja kilikuwa kinanitazama, nikaona koti langu la rangi ya maziwa limeanza kubadilika pale chini.

Mzee Munyoki akainua mkono. Mjomba akanyamaza.

"Kijana."

"Naam, mzee."

"Hapa kwangu mtu hasimami mbele ya wazee na mkono mfukoni. Hata watoto wa darasa la kwanza nilikuwa nawaambia. Toa."

Nikasema, "Samahani mzee, mimi..."

Mjomba akaninong'oneza kwa hasira, "Toa mkono! Unatuaibisha."

Nikatoa.

Leso ilianguka kwanza. Damu ikafuata, ikapita kwenye vidole, ikadondoka kwenye kiatu kipya na kwenye udongo waliofagia asubuhi kwa ajili yetu. Haikuwa tone. Ilikuwa inashuka kama mfereji usiofungwa vizuri.

Mama mmoja akasema "Aiya!" Nikamwona yule mzee aliyeniuliza kuhusu mafuta akisogeza sahani yake ya nyama, polepole, mbali na mimi.

Hiyo sahani sijaisahau. Naiona nikipiga mswaki.

Watu wakaamka. Muthui akaleta unga wa kahawa akamwaga juu ya kidonda. Shangazi mmoja akaleta sukari. Damu ikapita katikati ya kahawa na sukari kama haikuambiwa kitu. Ndipo Mwende akatoka upande wa akina mama, na leso zake zote za sherehe, zile kanga, mabegani.

"Baba, anatumia dawa ya damu. Haitakauka yenyewe. Ibanwe, apelekwe hospitali."

"Dawa ya damu ya nini?"

"Alipona Corona lakini mishipa yake ikapata shida. Damu iliganda mguuni."

Mzee akamtazama. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Watu wote pale waligeuka wakamtazama yeye. Hawakunitazama mimi niliyekuwa natoka damu, walimtazama msichana wao. Nilijua ni wakati wa kusema kwamba alinisihi niseme, kwamba kosa ni langu. Sikusema. Nilikuwa naangalia kiatu. Na mama yangu alikuwa anaangalia chini pia.

Mzee alimvuta Mwende leso moja begani, akaikunja, akaukandamiza mkono wangu kwa nguvu. "Muthui, gari."

Kwa hivyo ndivyo nilivyotoka kwenye ntheo yangu. Muthui anaendesha, mimi na baba mkwe nyuma, tumeshikana mkono na mkono wenyewe uko juu ya kichwa changu kama mtoto anayejua jibu. Hakuuachilia. Vumbi, makorongo, Mzee amebana tu. Kutoka Zombe mpaka Kitui mjini ni mbali, wakuu, ukiwa umeshikwa mkono na mtu uliyemdanganya.

Tulipofika penye lami ndipo alipoongea.

"Mtoto akificha mkono, ama ameiba chaki ama amechapwa nyumbani. Wewe ni yupi?"

"Nimechapwa, mwalimu."

Lilinitoka hilo "mwalimu". Muthui akacheka usukani ukayumba. Mzee hakucheka.

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa utakataa."

Alitazama nje. "Ningekataa," akasema.

Nikahisi baridi mpaka kwenye ule mguu.

"Ningekataa. Halafu ningefikiria siku mbili tatu, mama Mwende angeniongelesha, ningempigia mjomba wako nimwambie mje. Mimi najijua. Sasa umeninyima hata nafasi ya kubadilisha nia. Na baba yako alikufa na nini?"

Swali lenyewe. Nilikiambia kiti cha mbele, "Sijui. Alianguka. Hakupimwa."

"Hilo ndilo ungesema la kwanza. Wajukuu wangu wakiumwa nitamwambia daktari nini? Kwamba sijui?"



Hospitalini walinishona, wakapima damu. Ilikuwa nyepesi kupita walivyotaka. Daktari, dada kijana pengine tunalingana umri, akaniuliza kama nimemeza dawa za maumivu. Hapana. Miti shamba? Hapana. Nimebadilisha chakula?

"Niliacha mboga za majani."

"Zote? Kwa nini?"

"Nilisoma zinapingana na dawa."

Akaweka kalamu chini. Akaeleza kwamba hawakatazi mboga. Wanachotaka ni ule kiasi kile kile kila wiki, kwa sababu dawa hupimwa kulingana na chakula chako. Ukiacha ghafla, dawa inakuwa na nguvu kuliko ilivyopangwa. Na ndiyo sababu kuna siku ya kupimwa, ile niliyoenda kuchagua mbuzi.

Mzee alikuwa kwenye kona. "Yaani kunde hazijaisha shambani, na huyu hali?"

Daktari akauliza pia kuhusu baba. Akasema kuna familia ambazo damu huganda kirahisi, kuna vipimo, lakini hawezi kusema bila kupima. Ule ugonjwa peke yake unatosha kuleta haya.

Wakati nafungwa bandeji, Mjomba Kilonzo akapiga simu. "Wazee wamemaliza nyama. Hata yule aliyesogeza sahani alirudi nayo. Umeoa, Kioko, hata kama hukuwepo!"

Mzee akanyoosha mkono, nikampa simu.

"Nyama imeliwa, sawa," akasema. "Lakini maneno hayajasemwa. Kijana akipata nafuu mtarudi. Atasimama pale pale, mbele ya wale wale, aseme mwenyewe. Mpaka hapo Mwende ni wangu." Akakata.

Nilirudi nyumbani bila mke na koti la rangi mbili.

Kwa muda mrefu sikutaka kurudi Zombe. Nilikuwa naandika maneno nitakayosema, nayafuta, naandika mengine marefu zaidi. Mwende alinipigia jioni moja, hakuuliza kuhusu dawa. Akasema, "Shangazi zangu wananiita mficha mgonjwa. Mimi nimevumilia. Wewe unangoja nini?" Nikamwambia tarehe ya kurudi.

Tulirudi na mbuzi mmoja, mimi, mama na mjomba. Hakukuwa na nyimbo getini. Wazee walikuwa wamekaa. Nikasimama pale pale, mikono nje, jasho linatiririka.

Maneno yote niliyoandika yalipotea. Nikasema tu niliugua Corona, nikapona, mishipa haikupona nayo. Damu iliganda mguuni, ikafika kwenye pafu. Nameza dawa hii. Navaa hii. Nikainua suruali nikawaonyesha soksi. Muthui alikohoa akageuka. Nikasema Mwende aliniambia niseme na ni mimi niliyekataa. Nikasema baba yangu sijui alikufa na nini, na kwamba nimepangiwa vipimo.

Ndipo mama akasimama. Hatukuwa tumepanga hivyo.

"Baba yake pia mguu ulivimba," akasema. "Wiki ile ile alipoanguka. Mguu mmoja. Nilimkanda na mafuta kila jioni nikimwambia atapona. Nilipoona mguu wa huyu..." Akakaa chini.

Miaka yote hiyo, wakuu. Amekaa nayo kwenye lile duka, anapima misumari.

Mjomba hakujua. Mimi sikujua. Mimi niliyejiona ndiye mwenye aibu kubwa, kumbe nilikuwa nakaa nyumba moja na aibu inayokaribia umri wangu.

Mama Mwende aliondoka alipokaa, akaja akakaa karibu na mama yangu, bega kwa bega, bila kumgusa mkono.

Mzee Munyoki akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema, "Kaeni chini. Huyu apewe kunde. Kiasi cha kila siku."

Nikala bakuli zima. Kunde za mama Mwende zina karanga ndani. Nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa.

Sasa Mwende ni wangu, ama mimi ni wake. Vipimo bado vinaendelea, dawa bado nameza, mguu umepungua uvimbe.

Nilichojifunza ni hiki, na mimi si daktari. Ukipona homa ya virusi halafu mguu mmoja ukavimba, ukauma, ukawa wa moto, usikandwe, usingoje, nenda ukapimwe. Pumzi ikikatika au kifua kikichoma, hiyo ni dharura, usijaribu hata ngazi moja. Uliyepewa dawa ya damu, usijipangie chakula kutoka mtandaoni, na mwambie kila mtu unayekula naye. Waliokufa ghafla kwenu, ulizeni wazee mguu ulikuwaje. Ulizeni kwa upole.

Wenye soksi kama yangu, mliwaambiaje wakwe? Na wenye mama kama wangu, mlianzaje kuongea naye baadaye? Andikeni hapo chini, nitasoma zote. Mkitaka kucheka mcheke, stage yetu ilishawatangulia.

Tukiwa Zombe alarm ya Mwende ikilia, Mzee hupaza sauti kutoka uani, "Kioko! Dawa!" Majirani wote wanasikia. Masikio yangu yanakuwa ya moto kila mara.

Namwitikia, natoka, nameza pale nje wakiona.